Ukanda wa plastiki wa juu ya gurudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari Goma

Goma imekaa juu ya lava. Milipuko ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 na Mei 2021 iliacha mawe meusi yenye makali, na mawe ya aina hiyo ndiyo yanayorushwa na tairi kila siku kwenye barabara zisizo na lami. Sehemu ya gari inayoyapokea kwanza ni ukingo wa bodi juu ya gurudumu, na kinachoulinda ni ukanda mdogo wa plastiki ambao watu wengi hawaujali mpaka siku unaponing'inia. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Kukijua kipande

1. Ukanda huu ni upi hasa?

Kwenye kila gurudumu kunaweza kuwa na plastiki tatu. Ya kwanza ni ukanda wa nje: unauona ukisimama kando ya gari, mara nyingi ni mweusi wenye uso wa chembechembe, na unafuata upinde wa bodi. Ya pili ni kinga ya ndani, plastiki pana na nyembamba iliyokunjwa ndani ya tundu la gurudumu. Huioni mpaka uiname. Ya tatu ni kibao cha matope kinachoning'inia nyuma ya tairi.

Ukifika dukani ukasema "gardebu" peke yake, unaweza kuletewa yoyote kati ya hizo. Sema "ukanda wa nje wa juu ya gurudumu, mbele, kulia". Bora zaidi, nenda na kipande cha zamani mkononi hata kama kimevunjika mara mbili, kwa sababu mgongo wake unaonyesha namba na mahali pa kila klipsi (kibanio kidogo cha plastiki).

2. Ni urembo tu? Naweza kuendesha bila huo ukanda?

Gari litatembea. Lakini ukanda ukitoka unaacha matundu wazi kwenye bati, na ukingo wa bati hapo, hasa nyuma, ni mahali mabati mawili yanapokutana na kukunjwa. Maji yakiingia katikati hayatoki upesi, na kutu inaanzia ndani usikoiona. Ikiwa kipande kipya kitachelewa, safisha matundu, yakaushe, kisha uyazibe kwa mkanda wa gundi au nta nzito. Hiyo inatosha kwa wiki chache.

Kwenye magari yenye tairi pana ukanda una kazi nyingine: unafunika sehemu ya tairi inayotokeza nje ya bodi. Bila huo, kokoto zinaruka moja kwa moja kwa wenye pikipiki na wapita njia.

Kinga ya ndani ni jambo tofauti kabisa. Ikilegea usiendelee na safari. Tazama swali la 19.

3. Kwa nini unachomoka kila mara?

Mara chache sana plastiki yenyewe ndiyo inayoanza kufa. Klipsi ndizo zinazotangulia. Nailoni yake inakauka kwa miaka, mabawa yanakatika, kisha ukanda unabaki umeshikwa na klipsi mbili tatu. Hapo unaanza kucheza, na mchezo huo unapanua matundu.

Sababu nyingine ni uchafu. Vumbi la lava linaingia nyuma ya ukanda, linaloa, linakauka, na kidogo kidogo linausukuma ukanda nje. Likikaa hapo huku gari likitikisika, linafanya kazi ya msasa: linakula rangi mpaka kwenye bati. Kisha kuna migongano midogo ya mjini: chukudu (skuta ya mbao ya mizigo) iliyobeba magunia ikipita karibu mno, mguu wa pikipiki kwenye msongamano wa mtaa wa Birere, au mashine ya kuoshea yenye presha iliyoelekezwa kwenye ukingo wa ukanda kwa karibu. Mwambie muoshaji asimame umbali wa mkono mmoja na asielekeze maji kutoka nyuma kwenda mbele kwenye maungio.

## Kupata kipande sahihi

4. Kulia ni upande gani, kwa kuwa usukani wa gari langu uko kulia?

Kulia ni mkono wako wa kulia ukiwa umekaa ndani ya gari na kutazama mbele. Usukani hauhusiki. Hapa kosa hili ni rahisi kwa sababu magari ya usukani wa kulia na ya usukani wa kushoto yanatembea pamoja, na wengine husema "upande wa dereva". Usiseme hivyo unapoagiza kipande kwa simu kutoka Kampala au Kigali. Mgongoni mwa plastiki tafuta herufi: RH ni kulia, LH ni kushoto.

5. Nitajuaje kipande kinacholingana na gari langu?

Anza na kibati kilicho ndani ya boneti, usianze na umbo la gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya chasi ya tarakimu 17. Yana kodi fupi (msimbo wa herufi na tarakimu), mstari mdogo, kisha namba. Ile kodi ya mwanzo ndiyo unayoihitaji.

Chukua Toyota RAV4, ambayo imejaa mjini. SXA10 na SXA11 ni za kizazi cha kwanza. ACA20 na ACA21 ni za kizazi cha pili: ACA20 ina milango mitatu, ACA21 mitano. ACA31 na ACA36 ni za kizazi cha tatu. Vanguard, yaani ACA33, inafanana na ACA31 kwa macho lakini ni ndefu zaidi. Kanda za kizazi kimoja haziingii kwenye kingine, na ndani ya kizazi kimoja kanda za nyuma za milango mitatu haziingii kwenye milango mitano.

Halafu kuna daraja la gari. Mfano uleule unaweza kutoka kiwandani ukiwa na ukanda mpana, mwembamba, au bila ukanda wowote. Kama bodi yako haina matundu kwenye upinde, gari lako halikuzaliwa na ukanda, na kuulazimisha kunamaanisha kutoboa bati. Hatushauri, tazama swali la 14.

6. Namba zilizo mgongoni mwa plastiki zina maana gani?

Kuna za aina mbili. Namba ya kipande, kwa Toyota, ina tarakimu kumi zilizogawanywa tano na tano. Tano za kwanza zinataja aina ya kitu, tano za mwisho zinataja gari. Kwa mfano 53875 ni kinga ya ndani ya mbele kulia, na 53876 ni ya kushoto. Mara nyingi witiri ni kulia na shufwa ni kushoto. Zikifuatwa na alama mbili za ziada, hizo ni za rangi. Piga picha namba yote.

Aina ya pili ni jina la plastiki katikati ya mishale miwili, kama >PP< au >PP+EPDM-T20< au >ABS<. PP na ABS ni aina mbili za plastiki, EPDM ni mpira, na T20 inamaanisha ulanga (talki) asilimia 20 umechanganywa ndani. Alama hii ndiyo inayoamua kama kipande kinaweza kuunganishwa kwa gundi au la. Tazama swali la 15.

7. Kwa nini nimeuziwa ukanda wa nyuma ukatoka mfupi?

Pengine haukuwa mfupi. Kwenye magari mengi ya milango mitano, mlango wa nyuma unakata sehemu ya upinde wa gurudumu. Ukanda hapo umegawanywa vipande viwili: kikubwa kwenye bodi na kidogo kwenye mlango. Wakati mwingine cha tatu kiko kwenye bampa. Wauzaji wa mtumba hutoa kile kikubwa na kuacha kile kidogo kwenye gari la zamani. Kabla ya kulipa, hesabu vipande kwenye upande wa gari lako ambao bado ni mzima.

8. Ninunue kipya au cha mtumba?

Ukanda wa mtumba wa kiwandani ni mzuri kuliko mpya wa kuigwa, mradi miguu yake ya mgongoni iwe mizima. Vile vya kuigwa mara nyingi ni vyembamba, na miguu ya klipsi iko milimita moja au mbili nje ya mahali pake. Milimita mbili juu ya upinde mzima zinatosha kuufanya ukanda uvimbe katikati.

Unapokagua mtumba, geuza mgongo. Miguu ya kubebea klipsi ni vijumba vidogo vya plastiki. Kila kimoja kisiwe na ufa. Upinde kidogo kwa mikono: ukitoa mlio wa kukauka na mstari mweupe ukatokea, uache. Kama hujapata hapa mjini, soko la Kisekka kule Kampala na Gatsata kule Kigali yana maduka mengi ya vipuri vya magari ya Japani. Tuma picha nne: mbele, mgongo, namba, na kibati cha chasi.

Klipsi, kwa upande wake, nunua mpya daima. Kutumia klipsi za zamani kwenye ukanda mzuri ni kuharibu pesa ya ukanda.

9. Nahitaji klipsi gani, na ngapi?

Hesabu matundu, usihesabu klipsi zilizobaki. Upinde mmoja huwa na klipsi tano hadi kumi, pamoja na skurubu mbili hadi nne kwenye ncha. Ongeza klipsi mbili za akiba kwa kila upinde.

Aina utakazokutana nazo ni hizi: klipsi ya mabawa inayokaa kwenye mguu wa ukanda na kusukumwa ndani ya tundu la bati, mara nyingi ikiwa na sponji ya kuzuia maji, klipsi ya pini ya katikati, inayofunga ncha na kinga ya ndani, na nati ya mraba ya nailoni inayoingia kwenye bati ili ipokee skurubu. Kwa Toyota, klipsi nyingi zinaanza na 90467 na nati za nailoni na 90189.

Pima tundu la bati kwa kipimio cha milimita. Kipenyo cha 7, 8 au 10 ndicho cha kawaida. Kama huna kipimio, ingiza mkia wa ncha ya drili unaojulikana ukubwa wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka upate unaopita bila kucheza. Kisha pima unene wa bati na plastiki kwa pamoja, kwa sababu klipsi yenye shingo ndefu mno italegea hata kama kipenyo ni sawa. Hapa ndipo watu wengi wanakosea.

## Kutoa na kufunga

10. Niandae nini?

Jeki na stendi mbili, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki (ardhi ya mawe ya volkano haiko sawa na jeki huteleza), mawe au vigingi vya kuzuia magurudumu, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa ndogo, soketi ya 10, kipande cha plastiki ngumu au cha mbao cha kuchokonolea, mkanda wa karatasi wa wapaka rangi, brashi, maji ya sabuni, alkoli ya famasia na vitambaa viwili safi. Ukanda wa mbele unaweza kutolewa bila kuinua gari ukizungusha usukani mpaka mwisho. Wa nyuma ni rahisi zaidi gurudumu likiwa nje.

11. Ninautoaje bila kuuvunja?

Osha kwanza, na usubiri pakauke. Mchanga ulioachwa nyuma ya ukanda utachana rangi mara tu unapouvuta. Bandika mkanda wa karatasi kwenye bodi kufuata ukingo wote wa ukanda.

Toa skurubu zote za ncha kabla ya kuvuta chochote. Skurubu moja huwa imejificha chini, karibu na kibao cha matope, nyingine upande wa ndani mahali ukanda unapokutana na kinga ya ndani. Miguu mingi huvunjika kwa sababu ya skurubu iliyosahaulika.

Klipsi za pini ni za aina mbili. Kwa moja, unainua pini kwa bisibisi bapa kisha unatoa mwili. Kwa nyingine, unabonyeza pini ndani milimita chache tu. Ukiisukuma mno inaangukia ndani. Ikiwa pini ina alama ya nyota, izungushe taratibu huku ukiivuta.

Sasa anzia ncha ya chini. Ingiza kipande cha plastiki karibu kabisa na klipsi, si katikati ya klipsi mbili, na vuta moja kwa moja kuja kwako. Ukivuta kwa kupinda unakata mguu. Asubuhi ya baridi plastiki inakuwa kavu. Mwagia maji ya moto kiasi au fanya kazi mchana. Kama kuna gundi ya pande mbili, ikate kwa uzi wa kuvulia samaki ukiupeleka kushoto na kulia.

12. Klipsi imekatika na nusu imebaki kwenye tundu. Nifanye nini?

Ikamate kwa koleo kama kuna kichwa. Kama hakuna, isukume ndani, lakini hakikisha kwanza inaangukia wapi: ikiingia kwenye sanduku la chini ya milango itagongagonga kila matuta. Nyuma ya madigadi ya mbele (bati la bodi juu ya gurudumu) unaweza kuifuata ukishatoa kinga ya ndani. Usichimbe kwa drili. Utapanua tundu, na tundu pana ni kazi ya swali la 17.

13. Na kuufunga?

Kagua kutu kwanza (swali la 17), kwa sababu hutapata nafasi nyingine nzuri hivi karibuni. Weka klipsi zote mpya kwenye miguu ya ukanda, na nati za nailoni kwenye bati.

Tafuta mguu wa kuongoza. Mara nyingi ni pini isiyo na mabawa, karibu na katikati ya upinde. Iingize hiyo kwanza bila kubonyeza, linganisha ncha zote mbili, kisha bonyeza klipsi kuanzia katikati kuelekea kila upande. Kila klipsi inatoa mlio mmoja mfupi. Isiyolia haijaingia: usiipige kwa ngumi, itoe na uangalie kama bawa limejikunja.

Skurubu zinakazwa mwisho, kwa mkono tu. Ukizikaza kabla ya klipsi, ukanda unavutwa upande mmoja na klipsi za juu hazifiki kwenye matundu yake.

Kama gari lako linatumia pia gundi ya pande mbili, ondoa yote ya zamani, futa kwa alkoli pande zote mbili, na ubandike ya sponji ya akriliki yenye unene unaokaribia milimita moja. Fanya hivyo mchana, jua likiwa limepasha bati; gundi hiyo hushika vizuri kati ya nyuzi 21 na 38, na chini ya 10 haifai kabisa. Bonyeza kwa nguvu urefu wote. Baada ya dakika 20 inakuwa na takriban nusu ya nguvu zake, baada ya saa 24 asilimia 90, na inakamilika baada ya saa 72. Gari lisioshwe ndani ya siku hizo tatu.

Mwisho zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili na usikilize.

14. Fundi anataka kupiga skurubu moja kwa moja kwenye bodi. Nikubali?

Kataa. Skurubu inayojitobolea njia inavunja rangi na zinki ya bati, na kutu inaanza kwenye mviringo wake. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: ncha yake inatokeza ndani ya tundu la gurudumu. Gari likipakia mzigo na kuzama, tairi linapanda na kukutana na ncha hiyo. Tairi linaweza kuchanika ubavuni, na ubavu hauzibwi.

Kama tayari imepigwa na huna jinsi leo, hakikisha ncha haielekei tairi, ikate ibaki fupi, na uifunike kwa nta au rangi. Kisha panga kuweka nati ya nailoni kwenye tundu hilo.

## Kutengeneza ulichonacho

15. Ukanda umepasuka. Gundi ya haraka itashika?

Soma alama ya swali la 6. Kwenye PP na mchanganyiko wake, gundi ya haraka na epoksi hubanduka, kwa sababu uso wa plastiki hiyo haushiki gundi isipowekewa praima yake maalumu. Kinachofanya kazi ni kuchomelea. Safisha, chimba mfereji wa V kwenye ufa upande wa mgongo, toboa tundu la milimita 2 mwishoni mwa ufa ili usiendelee, kisha yeyusha fito ya PP ndani ya mfereji kwa pasi ya kuchomelea. PP inayeyuka karibu na nyuzi 165. Ikianza kutoa moshi umezidisha, na sehemu hiyo itakuwa dhaifu. Wavu mwembamba wa chuma uliozamishwa mgongoni unaongeza nguvu sana, hasa kwenye mguu wa klipsi.

Kwenye ABS mambo ni mepesi: asetoni huilainisha, kwa hiyo vipande vya ABS vilivyoyeyushwa ndani ya asetoni vinakuwa gundi nzuri. Kama alama imefutika, weka tone la asetoni mgongoni. Ukinata ni ABS. Usiponata, chukulia ni PP. Wengine hutumbukiza kipande majini wakisema kinachoelea ni PP; kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu PP yenye ulanga mwingi huzama nayo.

16. Umepauka. Nirudisheje weusi?

Usipake oili chafu ya injini wala mafuta ya taa. Weusi unaonekana siku mbili, kisha vumbi lote la barabara linanata hapo, na mpira ulio ndani ya plastiki unavimba. Osha kwa sabuni na brashi, kausha, kisha paka dawa ya plastiki ya nje isiyo na mafuta ya petroli. Hewa moto nayo hurudisha weusi kwa muda, lakini ukikaa sehemu moja unafuta zile chembechembe za uso na hazirudi.

Ukitaka rangi ya gari, lazima praima ya plastiki itangulie. Bila hiyo rangi itabanduka kwa vipande. Kodi ya rangi iko kwenye kibati, karibu na herufi C/TR: kwa Toyota, 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha.

## Hali za pekee

17. Chini ya ukanda nimekuta kutu, au tundu limeliwa.

Kutu ya juu: brashi ya waya, msasa namba 80 kisha 180, dawa ya kugeuza kutu, praima, rangi, na nta nzito kwenye mkunjo wa ndani. Usifunge ukanda siku hiyohiyo. Rangi mbichi ikibanwa na plastiki haikauki.

Tundu lililopanuka kidogo linaokolewa na nati ya nailoni ya ukubwa unaofuata. Bati likiwa limeliwa mpaka bisibisi inapita, hiyo ni kazi ya kukata na kuchomelea bati. Ukanda mpya juu yake utaficha tu kinachoendelea kuoza.

18. Tairi linagusa ukanda nikikata kona.

Soma ubavuni mwa tairi. ACA21 nyingi zilitoka na 215/70R16, ACA31 nyingi na 225/65R17. Kama limewekwa pana au refu zaidi, sababu ni hiyo. Kama saizi ni sahihi, angalia springi zilizolegea, spesa zilizoongezwa kwenye magurudumu, na kama bampa imerudi nyuma baada ya kugongwa. Kukata ukanda iwe jambo la mwisho kabisa.

19. Kinga ya ndani imeanguka njiani na inasugua tairi.

Simama mahali salama, zungusha usukani ili upate nafasi, na uifunge juu kwa kamba za plastiki za kujikaza kupitia matundu yake yenyewe. Waya wa chuma usitumike karibu na tairi. Ikiwa imechanika kabisa, itoe yote. Endesha taratibu ukiepuka madimbwi: nyuma yake kuna soketi za taa, honi na tangi la maji ya kioo, na kwenye magari mengine tope linafika mpaka kwenye mikanda ya injini. Rudisha nyingine ndani ya siku chache.

20. Madigadi yaligongwa yakanyooshwa, na sasa ukanda haukai.

Fundi wa bodi pengine amejaza mastiki mpaka kwenye ukingo, na matundu yamezibwa au yamesogea. Linganisha na upande mzima kwa karatasi: bandika karatasi juu ya upinde mzuri, weka alama kila tundu, igeuze, na uiweke upande ulionyooshwa. Utaona mara moja ni tundu gani limehama. Mastiki iliyozidi inasagwa. Tundu lililohama zaidi ya milimita tatu linatobolewa upya na kupakwa rangi kabla ya klipsi, na la zamani linazibwa.

21. Nimefunga vizuri, lakini unapiga kelele kwenye mawe.

Bonyeza ukanda kwa vidole kila sentimita kumi huku mwenzako akitikisa gari. Unapocheza ndipo klipsi yenye shingo ndefu ilipo (swali la 9). Kama ukanda hauchezi popote, tafuta klipsi iliyoangukia ndani (swali la 12), halafu kibao cha matope, ambacho hutumia skurubu moja na ncha ya ukanda na mara nyingi husahauliwa kukazwa.